Sinia la Mtu Mmoja

Assalaam aleikum, jamaa zangu. Ah, itikieni basi! Humu ndani tuko kumi na sita na nimesikia sauti tano. Mnaogopa nini? Mlango umefungwa, mwenye nyumba ni wetu, na jirani wa karibu hapa Mgogoni ni mbuzi. Assalaam aleikum! Eeeh, sasa nimewasikia.

Alhamdulillahi, nimefika nikiwa mzima, na moyo wangu leo unaruka. Samahani nikisema haraka haraka. Tangu jana alasiri sijatulia, na mtajua kwa nini nikifika mwisho. Bi mwenye nyumba ameniambia, "Leo zamu yako, lakini majina usitaje, ya watu wala ya vyama." Sawa, Bi, sitaji. Ila mkijijua wenyewe msinilaumu mimi.

Kwanza niwaambie mimi ni nani, maana naona nyuso mbili mpya. Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitma, maulidi, mkutano wa tawi, mtu akitaka pilau ya watu mia tatu iive punje punje, kijijini kwetu pale pwani wananiita mimi. La pili ndilo lililotukusanya hapa: mimi ni mwanamume ninayependa wanaume, nimezaliwa hivyo na nimezeekea hivyo. La tatu ndilo linalowachekesha. Haya chekeni mapema tumalize. Mimi ni mtu wa chama! Tena chama chenye watu wa dini na heshima, wanaotaka mambo yakae kama walivyoyaweka wazee. Sikuingia kwa kulazimishwa. Nakipenda.

Dada wa pale dirishani anatikisa kichwa. Subiri, dada, nawe utapata zamu yako.

Vyama vingi vilipoingia nilikuwa kijana. Barza yetu ya kwanza ya tawi niliiezeka makuti kwa mikono hii. Mwaka ule mbaya, mnaujua, sina haja ya kuutaja, nilijificha mikokoni siku tatu na Mwenyekiti wetu, maji ya chumvi kiunoni, tukigawana muhogo mbichi mmoja. Tulitafutwa kwa sababu ya kadi tu. Mimi yangu niliifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaitia kinywani. Sasa mtu akiniuliza, "Wewe ulivyo, unafanya nini kwenye chama kile?" namjibu kwamba nilikitafuna kabla yeye hajazaliwa.

Basi. Ndugu zangu, nawaambia la kosa langu kabla ya la shida yangu, maana moja limemzaa mwenziwe.

Kulikuwa na miaka ya kususiana hapa Pemba. Wadogo hamkuiona. Wa chama hiki hanunui dukani kwa wa chama kile. Salamu haitikiwi. Maiti inakaa ndani inangoja watu wa kuibeba, na majirani wamekaa barazani wanaitazama nyumba. Wanawake waliachwa kwa sababu ya kadi! Na mimi sijisafishi: katika kususia nilikuwa mstari wa mbele. Mwenzangu alisusia kwa mdomo, mimi nilisusia kwa sinia.

Mnajua shughuli zetu. Tunakaa chini wanne wanne, sinia moja katikati, mnanawishwa kwa birika na tasa, mnasema bismillahi, mnakula. Uliyekula naye sinia moja huwezi kesho kumpita njiani kama humjui. Na anayepanga masinia yaende wapi ni mpishi. Basi mimi nilipanga. Wa upande wa pili akija, sinia halimfikii. Niliona natumikia chama, wallahi.

Palikuwa na jamaa yangu mmoja wa upande wa Pujini, mkulima wa mpunga, na mikarafuu kidogo aliyoachiwa na babu yake. Mnanielewa nikisema jamaa yangu. Eeh, Bi, usitabasamu hivyo. Tulikuwa miaka sita. Yeye alikuwa chama kile na mimi chama hiki, na tukikutana jambo la kwanza ni kuzima redio, maana ikisoma habari tu tunagombana. Tulipendana hivyo hivyo na ugomvi wetu.

Siku moja akaolewa dada yangu. Yule bwana akaja kwa baskeli kutoka kwao, gunia la mchele nyuma, mchele wa shamba lake mwenyewe, kaupeta hadi hauna kijiwe. Akaniletea jikoni asubuhi, akasema, "Huu wa bibi harusi." Mimi nikautia sufuriani. Ulipofika wakati wa kula, akakaa kwenye jamvi na watu watatu, akanawishwa, sinia likawekwa. Vijana wa tawi wote wakanigeukia. Walinitazama tu: mpishi, leo utafanyaje?

Hofu ikanishika. Nikawaza, nikimwacha huyu ale, wataniuliza kwa nini yeye. Na wakianza kuuliza kwa nini yeye, watafika mbali. Basi nikafanya zaidi ya walivyotaka. Nikaja na kitambaa begani, nikainama, nikaliinua sinia mbele yake. Nikasema kwa sauti, hata wanawake ndani wakasikia: "Hapa hali mtu wa upande ule!"

Mikono yake ilikuwa bado mibichi. Aliitazama, akanitazama mimi, akaifuta kwenye kanzu yake, akainuka. Baskeli akaisukuma kwa miguu mpaka njia kuu, hakuipanda. Na mchele wake tuliula. Niliupika mimi, nikausifia mimi, na vijana wakanipiga mgongoni wakasema mpishi wetu ni mwanamume kweli.

Miaka kumi na mitano hatukusemezana.

Msinionee huruma bado, sijafika huko. Miaka ikapita, wakubwa wa vyama wakapeana mikono, kususiana kukapoa. Watu wakarudi kuzikana. Mimi nikazidi kupika. Nikasema, alhamdulillahi, yale yamekwisha.

Ndipo redio zikaanza. Mnaukumbuka ule wakati? Ati Wazungu watatukatia misaada mpaka tukubali ndoa za jinsia moja. Yaani ghafla! Asubuhi ndoa za jinsia moja, mchana ndoa za jinsia moja. Kijijini kwetu pampu ya kisima imekufa miezi minane, wanawake wanabeba ndoo vichwani, na kila jukwaa likipandwa ni ndoa za jinsia moja. Mimi nikawa najiuliza, nani aliyekwenda kuiomba hiyo ndoa? Sisi kukaa wawili barazani tunahesabu kwanza wapita njia, leo tumekwenda kumwomba kadhi?

Basi ukaja mkutano mkubwa kwetu. Msemaji kaletwa kutoka mbali, kanzu imepigwa pasi, sauti kama bati. Mimi niko nyuma ya hema na sufuria zangu tatu, kuni zinawaka, pilau nimeshaipalia makaa juu. Akasema, "Chama chetu hakitaki ndoa za jinsia moja!" Watu: "Hatutakiiii!" Na mimi nikaitikia, upawa juu. Ndiyo! Niliitikia, dada, usinikodolee macho. Nimelelewa chuo cha Kurani, nimefundishwa nikaha ni ya mume na mke, na ndivyo ninavyoamini hadi leo. Sikuona kama ananisema mimi. Ndoa sikuitaka. Nilitaka kuishi na kupika.

Kisha akasema la pili. Akasema, "Na watu hao mnao humu humu kijijini. Mnawajua. Anayekula nao sinia moja ni mmoja wao."

Jamaa! Nilisikia makaa yanapasuka. Na vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, vinatazama nyuma ya hema kwenye moshi wangu.

Kijiji chetu kilikuwa kinajua siku zote. Si mnajua kwetu kulivyo? Watu wanajua na hawasemi, na kutosema huko ndiko kulikokuwa nyumba yangu. Mtu mmoja mgeni kasema kwa spika, na paa likaondoka.

Chakula kikapakuliwa. Wakala, maana njaa haina msimamo. Mpishi hula mwisho, ndiyo desturi. Nikachukua sinia langu, nikaweka mbatata nzuri nzuri juu, nikakaa na vijana watatu wa tawi waliokuwa bado hawajala. Mmoja wao nilimpikia harusi yake, sikumdai hata kuni. Huyo ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Nimeshiba, mjomba," akasema, na mkono wake haujagusa punje. Wa pili akaona mtu anamwita. Wa tatu hakutafuta hata uongo, alikwenda tu.

Nikabaki na sinia la watu wanne, peke yangu, katikati ya uwanja. Nilikula matonge mawili kwa kiburi. La tatu nikalirudisha siniani.

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana. Hawakuniita tena, basi. Harusi ya kwanza baada ya hapo, nyumba ya tano kutoka kwangu, wakamleta mpishi mwengine, na akatia bizari ya pakiti! Nilisikia harufu nikiwa kitandani. Nilitaka kufa mara mbili, moja kwa uchungu na moja kwa ile bizari. Chekeni, ndiyo, lakini mimi wakati ule sikucheka. Sufuria zangu nilizifudikiza uani, kuku wakataga chini yake. Nikahama nyumba, nikaenda kukaa kwenye kibanda shamba. Mpishi wa watu mia tatu nikawa naishi kwa chai na mkate wa dukani. Ijumaa sikwenda. Nilikuwa naona nikiingia safuni, walio kulia na kushoto watasogea. Nilifika mahali pa kumwomba Mola nikilala asiniamshe. Nalisema hili kwa sababu humu ndani naona mmoja au wawili ambao huenda wanaliomba hivi sasa. Msiombe. Nisikilizeni hadi mwisho.

Katikati ya dhiki hiyo akanijia mtu wa chama kile. Kaja na tende. Kanihurumia, kweli kanihurumia. "Yakhe, watu wako wamekutupa. Njoo kwetu, kadi tunakupa leo." Nikamuuliza, "Na nyinyi kuhusu mambo haya msimamo wenu ni upi?" Akakohoa. Akazitazama zile tende. Akasema, "Ah, msimamo ni huo huo." Ha! Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nikamwambia, basi kama ni kutupwa, nitatupwa na watu wangu. Tende nilizila.

Sasa sikilizeni.

Siku moja asubuhi niko kibandani nasikia kengele ya baskeli. Natoka, namwona yule bwana wa Pujini. Nywele zimeingia mvi, na ile baskeli ni ile ile. Hakusalimia kwa maneno mengi. Akasema, "Mama amefariki. Keshokutwa ni hitma ya arubaini. Nataka upike."

Nikamwambia, "Hujasikia habari zangu? Hawali mkononi mwangu."

Akasema, "Sikukuuliza wao. Nimekuuliza wewe. Mama kabla hajafa alisema pilau ya hitma yake apike mtu anayejua."

Nikaenda. Niliwafukuza kuku, nikasugua sufuria kwa mchanga na majivu hadi nikaiona sura yangu ndani, na nilikuwa nimekonda, masikini! Nikapika. Mchele ni wa shamba lile lile. Hitmani pale kulikuwa na watu wa vyama vyote viwili, majirani na ukoo, hata wa kijijini kwetu walikuja. Walikula, kwa sababu ni hitma na ya maiti hayasusiwi tena. Mimi nikapakua, nikahakikisha kila mtu kapata, kisha nikajitengea sinia langu pembeni ya jiko, peke yangu. Nilishazoea. Sikungoja mtu aniinukie.

Nikamwona anakuja. Mwenye msiba, mwenye shughuli, anakuja na birika mkono mmoja na tasa mkono wa pili, anapita katikati ya watu wote, mpaka mbele yangu. Akasema, "Nyosha mikono."

Nikamwambia polepole, "Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Nyosha mikono, maji mazito haya."

Nikanyosha. Akaninawisha. Akanawa na yeye, akakunja miguu, akakaa sinia langu. Jamaa, nilisikia kuku wanaparura. Tukakaa wawili, hatuli, tunatazama wali. Mara nikaona kivuli. Ni Shehe aliyesoma dua, mzee wa watu, fimbo mkononi. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo tunafukuzwa. Shehe akatutazama, akalitazama sinia, akasema, "Chakula cha watu wanne mko wawili. Mwataka kufanya israfu hitmani?" Akakaa! Akamwita na mjukuu wa marehemu, mtu mzima mwenye watoto, "Njoo hapa, tumepungua mmoja." Bismillahi. Wakala.

Mimi nililia. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye pilau, na yule bwana, badala ya kunipoza, akasema, "Acha, chumvi imetosha." Hebu fikirini! Nikacheka na kulia kwa pamoja, nikapaliwa, Shehe akawa ananipiga mgongo.

Watu walipoondoka nikamwambia, "Siku ile ya harusi ya dada..." Akanikatiza. Akauliza, "Ule mchele ulikuwaje?"

Nikasema, "Ulikuwa mzuri sana."

Akasema, "Nilijua." Kisha akasema, "Miaka kumi na mitano nimekuwa nikijiuliza kama walau uliiva." Nikamwomba radhi, nikamwomba mara tatu, mpaka akachoka akaniambia nioshe sufuria.

Ndugu zangu, nawaambia, usiku ule nilipata usingizi wa mtoto, na asubuhi nikajua la kufanya. Sikuwa na haja ya chama kingine. Nilikuwa na haja ya kurudi tawini kwangu kwa mlango wa mbele.

Na tawini mambo yalikuwa yanapikwa. Uchaguzi unakaribia, katibu kaandika tamko la tawi lipelekwe juu. Nikaingia mkutanoni na kadi yangu, nikakaa nyuma. Katibu akasoma. La kwanza, tawi linapinga ndoa za jinsia moja. La pili, mwanachama yeyote anayejulikana au kushukiwa kuwa miongoni mwa watu hao asusiwe: asialikwe, watu wasile naye, asizikwe. Nililisikia lile neno, asusiwe. Nililijua. Nililisema mimi mwenyewe miaka ile. Walikuwa wamelirithi kutoka kwangu.

Nikainuka. Nikasema, "Mwenyekiti, mimi ni mwanachama wa tangu barza ya makuti. Nina swali moja tu. Tamko hili linahusu ndoa, au linahusu sinia? Kama ni ndoa, hakuna humu aliyewahi kunisikia naiomba. Kama ni sinia, basi semeni wazi, maana sinia ndiyo kazi yangu. Na niwaambie: kususia mtu najua kuliko nyote. Nilimwinulia mtu sinia mikono yake ikiwa mibichi, kwa ajili ya chama hiki. Chama hakikupata kura hata moja kwa kitendo kile. Mimi ndiye niliyepoteza, na sasa ndicho mnataka kukiandika kiwe sheria."

Sikusema mimi ni nani. Hapakuwa na haja, kila mtu ana macho.

Yule kijana aliyeniinukia wa kwanza akasema, "Huyu anajitetea!" Nikamwambia, "Ndiyo, najitetea. Wewe ungenitetea?" Akakaa chini.

Hapo akainuka bibi mmoja wa kina mama, mfupi, mkali, anayemjua anamjua. Akafunga kanga kiunoni. "Nyie! Pilau ya ntu huyu nshaila miaka mingapi? Leo ndo nnaona ina nongwa? Ndoa hatutaki, tushasema, na hakuna aliyekuja kutuposa. Mie nataka kujua moja: siku ya mkutano nani atapika? Yule wa pakiti?" Watu wakaangua kicheko. Wallahi, ile bizari ya pakiti iliniokoa!

Lakini kicheko hakifuti maandishi. Tukamgeukia Mwenyekiti, mzee wangu wa mikokoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi roho iko mkononi. Akasema, "Katika mikoko mimi nilikula muhogo mmoja na mtu. Yeye anauma, mimi nauma. Nilijua alivyo siku ile kama ninavyojua leo. Kama kula naye ni kosa, katibu, basi niandike mimi wa kwanza." Katibu akakaa na kalamu juu. Mwenyekiti akamwambia, "La pili likate." Akalikata. Nilisikia kalamu inavyokwaruza karatasi, na hakuna muziki nimewahi kuusikia mzuri vile.

La kwanza lilipita. Sitawadanganya. Msimamo wa chama changu kuhusu ndoa ni ule ule. Mikono ikainuka mingi, na wangu ulibaki mapajani. Dada wa dirishani utaniuliza, kwa nini, na wewe waamini nikaha ni ya mume na mke? Naamini. Ila mkono huu ulishainuka mara nyingi juu ya watu, nao umechoka. Na nikuambie jengine. Najua wewe ndoa unaitaka, umeshatuambia humu, na tumeshagombana nawe vya kutosha. Siku ukiipata, popote utakapoipatia, mimi nitakuja kupika. Nitanuna, nitabishana nawe tangu kumenya vitunguu, lakini pilau itaiva na nitakaa sinia lako.

Haya. Sasa la jana, ndilo lililonifanya niruke ruka.

Jana ulikuwa mkutano wa tawi, na mimi nilipika! Sufuria mbili, na ukoko wake mwekundu, watu wakaugombea. Baada ya kupakua nikachukua sinia langu nikakaa. Mwenyekiti akaja, akakaa. Mtu mmoja wa kamati akaja, akakaa. Nafasi ya nne ikawa wazi, na mimi, kwa mazoea, nikaanza kuhesabu itakaa wazi muda gani. Mara namwona yule kijana, yule yule wa "nimeshiba, mjomba", anakuja anakwepa kwepa macho. Akasimama. Akanawa. Akakaa. Hakuomba radhi. Alisema, "Mjomba, mbatata ziko wapi?" Nikamsogezea zote.

Ndugu zangu, naomba nishukuru. Namshukuru bibi wa kanga kiunoni. Namshukuru Shehe, aliyeogopa israfu kuliko maneno ya watu. Namshukuru mzee wangu wa mikokoni. Namshukuru Bi mwenye nyumba, maana bila chumba hiki ningekuwa nayasema haya kwa kuku. Na marehemu mama wa Pujini, Mungu amlaze pema, aliyetaka pilau yake ipikwe na anayejua.

Mkiniuliza nimejifunza nini, nawapa hili: chama kinaweza kutokubaliana na wewe na bado ukawa wake, mradi bado mnakula pamoja. Piga kura unapopenda, bishana, nuna. Lakini usimfundishe mtu kususia. Mimi nilifundisha kijiji kizima, nao walikuwa wanafunzi wazuri.

Nimemaliza. Chakula kiko nyuma ya pazia, nimekipika tangu asubuhi, kaeni wanne wanne na msichaguane vyama. Na kuna mtu mmoja amekaa karibu na mlango, katoka Pujini kwa baskeli, tangu nimeanza kusema anatazama chini. Asubuhi tu tumegombana kuhusu uchaguzi, na kura yake ataipeleka anakojua yeye. Bi, nipe hilo birika. Hapana, leo nanawisha mimi.

Nyosha mikono, yakhe. Leo sinia hili haliinuliwi na mtu.